Babu yako, Burma, na Wajapani

Mwanangu mpendwa,

Mjomba wako ameniambia alivyokujibu ulipotaja kuja Idi na mwenzako wa kazini, Mjapani: eti nyumba ya askari wa Burma haimpokei. Nawe ukaniuliza kama babu alikuwa na haki ya kuwachukia watu wale mpaka anaingia kaburini. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Aliyoyapitia usiyadharau. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw, huko Burma (Myanmar ya leo), wakati wa mvua kubwa za kule, matope na malaria vikiwaandama, Wajapani wakiwavizia kutoka kwenye mahandaki, hadi Desemba walipovuka mto Chindwin. Wapo ambao hata hawakufika: Februari mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa kwetu. Utotoni nilikuwa nikimsikia babu yako akipiga kelele usingizini. Kwa hilo sikumlaumu hata siku moja.

Lakini nilimwona pia akimtemea mate fundi wa barabara, kijana wa Kijapani ambaye huenda hata baba yake hakuishika bunduki. Hapo hapakuwa na vita. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba babu alijua dharau ya rangi ilivyo. Katika Keya, Mwafrika hakupewa uofisa hata awe shujaa namna gani, na mshahara wake ulikuwa chini ya wa Mzungu aliyekabili risasi zilezile. Alirudi Tanganyika akaitwa "boi". Alitusimulia hayo kwa uchungu, kisha akawafanyia wengine yaleyale.

Alikuwepo Eric Lomax, ofisa wa Uingereza aliyetekwa Singapore mwaka 1942, akateswa vibaya kwenye reli ya Burma, ambayo Wajapani waliwalazimisha mateka kuijenga, kwa sababu ya redio ya siri. Kwa miaka mingi alimchukia hasa mkalimani wa Kijapani aliyekuwepo yeye alipoteswa, Takashi Nagase. Walikutana Kanchanaburi, Thailand, mwaka 1993, Nagase akamwomba radhi, na Lomax akamsamehe. Simwambii kila aliyeteswa asamehe. Hilo ni lake. Ila chuki ya Lomax ilikuwa na mtu wake. Ya babu ilimwangukia yeyote mwenye sura ile.

Na mjomba wako? Kazaliwa vita vimekwisha zamani. Kabaw haijui, haioti. Maumivu ya baba yetu hayakumfikia; lililomfikia ni tusi tu, na sasa anataka kukurithisha wewe.

Njoo na mwenzako. Mjomba nitazungumza naye mimi, dada yake mkubwa. Akiona hawezi kukaa naye jamvi moja, siku hiyo abaki kwake. Muulize tu mgeni kama anakula nyama ya mbuzi, nijue mapema.

Mama yako