"Get" siyo kupata tu jamani

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi nitoe ya moyoni kuhusu hili neno la Kiingereza "get", maana wengi tulikaririshwa ni kupata tukaishia hapohapo. Juzi mwanangu katafsiri "I get it" akaandika "ninaipata", nikacheka weee halafu nikakumbuka hata mimi nilikuwa hivohivo, kumbe hapo maana yake nimeelewa. Walimu tunaomba mtufundishie watoto sentensi nzima, siyo neno mojamoja. Sasa libandike vineno nyuma uone vurugu, "get up" kuamka, "get off" kushuka kwenye basi, "get over" kupona au kusahau yaliyokuuma, na "get married" ni kuoa ama kuolewa yani wao hawajali nani kamuoa nani. Neno lenyewe asili yake "geta", la watu wa kale wa Skandinavia, na Wamarekani mpaka leo wanasema "gotten" wakati Waingereza wengi ni "got". Ila tusiwacheke sana, pata yetu nayo ina vituko, kisu kinapata, halafu mtu anakuuliza umepata kumwona? Mgeni hapo anakuna kichwa tu.

Msomaji wenu