Sitari haikuwa ya Ravi Shankar peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu muziki wa India niliisoma kwa furaha, ila mmepita njia ileile ya magazeti mengi: ikitajwa sitari, kile chombo cha nyuzi cha India chenye shingo ndefu, anatajwa mpigaji Ravi Shankar, anafuata mwanafunzi wake George Harrison wa bendi ya Beatles, habari imekwisha. Sina ugomvi na Ravi Shankar. Sifa zake alizistahili. Lakini wapenzi wa sitari wa zama zake walikuwa kambi mbili, na kambi ya pili ilikuwa ya Ustadh Vilayat Khan, ambaye hamkumtaja hata kwa bahati mbaya.

Alizaliwa 1928 Gouripur, ambako leo ni Bangladesh. Sitari ilikuwa kazi ya ukoo: babu yake Imdad Khan, baba yake Enayat Khan. Baba akafariki 1938, mtoto ana miaka kumi, mafunzo hayajafika popote. Akapokelewa na ami yake, Wahid Khan, na kwa upande wa mama na babu yake Bande Hassan Khan, ambaye alikuwa mwimbaji. Kijana mwenyewe alitamani kuimba. Inasimuliwa kwamba mama yake, ingawa ni binti wa waimbaji, ndiye aliyemkataza: sitari ya kina baba isife mikononi mwake.

Basi akaiimbisha sitari. Mpiga udi akitaka sauti iteleze, hutelezesha kidole, maana shingo ya udi ni tupu. Shingo ya sitari imefungwa vyuma vilivyopinda, kwa hiyo mpigaji huuvuta uzi kwa pembeni ndipo sauti ipande. Vilayat Khan aliugonga uzi mara moja tu, kisha kwa kuuvuta na kuulegeza akatoa sauti nne au tano mfululizo, kama mwimbaji asiyekata pumzi. Kwa ajili hiyo aliondoa nyuzi nzito za besi na kukifanya chombo kiwe imara zaidi. Wapigaji wengi wa leo wanatumia sitari ya muundo wake.

Na nishani je? Serikali ya India ilimtunuku Padma Shri 1964, akakataa. Padma Bhushan 1968, akakataa. Mwaka 2000 ikaja Padma Vibhushan, akakataa tena, kwa hoja kwamba waamuzi hawana uwezo wa kumpima, na kwamba hapokei kitu walichokwisha kupewa watu aliowaona wako chini yake kisanaa. Kiburi kipo hapo, tena si haba. Hata hivyo mzee wa miaka 71 anayeikataa nishani ya tatu hafanyi maigizo.

Alifariki Mumbai Machi 2004 kwa saratani ya mapafu, akazikwa Kolkata alikozikwa baba yake. Mwanawe Shujaat Khan hupiga sitari huku akiimba. Nadhani bibi yake, yule aliyemkataza Vilayat kuimba, angenuna kidogo.

Mkirudi kwenye mada hii, waelekezeni wasomaji kwenye rekodi za Vilayat Khan za raga (mpangilio wa sauti ambao mpigaji huutungia papo hapo) ziitwazo Yaman au Darbari, hasa ule mwanzo wa taratibu kabla ngoma za tabla hazijaingia. Na kwa heshima zote, chombo kilicho kwenye picha yenu si sitari. Ile ni sarodi, chombo kingine cha nyuzi cha India, ambacho shingo yake haina vyuma.

Msomaji wenu,
Tanga