Macho ya watoto wetu njiti

Habari zenu, mama na baba njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 za ujauzito, au chini ya kilo 1.5, apimwe macho akifikisha wiki 4 tangu azaliwe, hata kama bado yuko wodini. Msisubiri dalili: mishipa ya damu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ikiota vibaya, jicho kwa nje linaonekana zima kabisa.

Atatiwa matone ya kupanua mboni, kisha kifaa kidogo cha kushikilia kope. Atalia, mbembelezeni. Asinyonye muda mfupi kabla, asije akatapika.

Mkiambiwa mrudi wiki ijayo, tafadhali rudini, kipimo kimoja hakitoshi. Aliyeruhusiwa nyumbani bila mtoto kupimwa aniandikie leo hii, nitamsindikiza kliniki ya macho.