Ni nyenje, si kriketi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo moja lililokuwamo katika makala ya saa za mkono za zamani mliyoichapisha Jumapili iliyopita. Mwandishi wenu, ambaye kwa sehemu kubwa ameandika vizuri, alisema kwamba saa ya mkono yenye kengele ya kuamshia, iitwayo Cricket, ya kampuni ya Vulcain, ilipewa jina la mchezo wa kriketi kwa kuwa ilitengenezewa wanamichezo. Sivyo. Neno hilo la Kiingereza lina maana mbili, na hapa anayetajwa ni mdudu, yaani nyenje, yule anayejificha pembeni mwa chumba akatukosesha usingizi usiku kucha. Kama kosa lingekuwa la jina tu ningelinyamazia, lakini asiyemjua nyenje huyu hatajua saa ile ilifanikiwa kwa njia gani pale ambapo nyingine zilishindwa.

Vulcain ilianzishwa mwaka 1858 na Maurice Ditisheim katika mji wa La Chaux-de-Fonds, Uswisi, kwenye milima ya Jura. Mji huo uliteketea kwa moto mwaka 1794, ukajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka, na nyumba zake zikawa na madirisha mengi ili mafundi saa wapate mwanga wa kutosha mezani. Wazo la kutia kengele katika saa ya mkono halikuzaliwa Vulcain. Eterna, kampuni nyingine ya Uswisi, ilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya saa ya namna hiyo mwaka 1908 na ikaionyesha mjini Bern mwaka 1914. Shida ilikuwa mlio. Saa ya mezani ina nafasi ya kubeba kengele yenyewe, na imesimama juu ya mbao. Saa ya mkono ni ndogo, na mgongo wake umelalia nyama, ambayo humeza sauti kama godoro.

Katika miaka ya 1940, Robert Ditisheim, wa ukoo uleule, alihangaika na shida hiyo kwa miaka kadhaa. Kampuni husimulia kwamba alipokaribia kukata tamaa alimwendea mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin, naye akamwambia kwamba kama nyenje, mdudu wa kukaa kwenye ncha ya kidole, anasikika kutoka mbali, basi hakuna sababu ya saa kushindwa. Langevin hakuwa mtu wa kubahatisha katika mambo ya sauti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ndiye aliyetumia vipande vya jiwe la kwatzi kutoa mawimbi ya sauti ndani ya maji ili kutafuta nyambizi. Alifariki Desemba 1946, na Cricket ikatoka mwaka 1947; hakuiona ikiuzwa.

Somo la nyenje ni kwamba nguvu ndogo inatosha ikiwa kitu kinachotikiswa ni chepesi na kina nafasi ya kutikisika. Mdudu huyo hana kengele wala koo la kupigia kelele. Husugua bawa kwa bawa, na utando mwembamba wa bawa ndio unaotoa sauti. Mimi ni fundi saa, na Cricket moja ya zamani imepita mezani kwangu, kwa hiyo nasema niliyoyashika kwa mikono. Ukiigeuza unakuta mgongo wenye matundu. Ukiufungua, chini yake kuna mgongo wa pili, nao ni bati jembamba, ndilo utando wenyewe. Kinyundo kidogo hugonga upande wa ndani wa bati hilo kwa kasi sana, na mlio hutoka kwa yale matundu badala ya kufia kwenye ngozi. Ndani mna kamani mbili, yaani springi zinazokazwa kwa kutiwa ufunguo, moja ya kuendesha saa na nyingine ya kengele peke yake, ndiyo maana kelele za sekunde ishirini na kitu haziiibii saa nguvu ya mwendo wake. Kuna pia mshale wa ziada wa kuchagulia wakati wa kuamka, na Mswahili anayetaka kuamka saa kumi na moja alfajiri ataupeleka kwenye tarakimu 5, kama tulivyozoea. Niliipima mlio ikiwa juu ya kitambaa, kisha juu ya meza tupu. Mara ya pili kinyozi wa jirani alikuja kuuliza kulikoni.

Kuhusu marais wa Marekani, makala yenu iko sawa: Harry Truman alipewa moja alipokuwa akiondoka madarakani mwaka 1953, na Lyndon Johnson aliivaa na kuwagawia watu wengine wengi. Ila naona habari za marais hupendwa kupita kiasi. Mimi ningemtaja kwanza mpiga mbizi wa Uswisi Hannes Keller, aliyeshirikiana na Vulcain katika toleo la mwaka 1961 lililoitwa Nautical, ambalo kengele yake ilisikika ndani ya maji, na uso wake ulibeba jedwali la kumwelekeza mpiga mbizi asimame wapi na kwa muda gani anapopanda juu, ili hewa iliyoyeyuka katika damu isimdhuru.

Vulcain haikubaki peke yake. Jaeger-LeCoultre ilileta Memovox mwaka 1950, na kiwanda kimoja cha Moscow kikatengeneza saa za kengele za Poljot kwa kufuata mashine ya Kiswisi. Kilichokuja kuziangusha zote ni saa ya betri, iliyoanza kuuzwa na Seiko ya Japani Desemba 1969, na ambayo baadaye ilipata mlio wa kengele kwa gharama ndogo mno. Watu wapatao 90,000 waliofanya kazi katika saa za Uswisi mwaka 1970 walipungua hadi theluthi moja hivi kufikia katikati ya miaka ya 1980. Saa hiyo ya betri hupima wakati kwa kipande cha kwatzi kinachotetemeka, jiwe lilelile ambalo Langevin alilitikisa kutafuta nyambizi. Vulcain ilififia, jina likapita mikononi mwa wenye mali kadhaa, na Cricket ikarudi sokoni katika karne hii, ingali ikitiwa ufunguo kwa mkono.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, masahihisho yatoke ukurasa uleule uliobeba makala, na mkipenda kuweka picha, wekeni ya mgongo wa saa, wala si ya uso wake, maana matundu yako huko.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi saa, Tanga