Barua ya Wazi kwa Kamati ya Jubilei ya Shule Yetu ya Msingi

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe, wanangu niliowafundisha na ninyi mliozaliwa nikiwa nimekwisha kustaafu,

Salaam. Nimeisoma bajeti ya sherehe ya miaka 50 mliyoibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, nikairudia mara ya pili kwa miwani. Maturubai yamo, fulana zimo, muziki umo, na chakula cha mgeni rasmi na msafara wake kimepewa fungu kubwa kuliko ukarabati wa madarasa. Waliofyatua matofali ya shule hii sikuwaona popote, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Shule yetu ni mtoto wa Azimio la Musoma. Novemba 1974 TANU, chama kilichotawala wakati ule, kiliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani, wakati madarasa yenyewe hayakuwapo na walimu hawakutosha. Hapa kwetu wanaume walichimba udongo na kukata kuni za tanuru, akina mama wakapanda na ndoo za maji kutoka mtoni kabla hakujapambazuka, na wala hapakuwa na aliyeandika jina la mtu. Mimi nilipewa chaki nikiwa na miaka 17 na cheti cha darasa la saba, mmoja wa vijana walioitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tukifundisha huku tukijifunza ualimu kwa masomo ya posta na redio. Makosa niliyoyaandika ubaoni miaka ile nayajua; baadhi yenu mliyanakili kwa mwandiko mzuri kabisa.

Katika ukuta wa mashariki wa darasa la kwanza kuna tofali lenye unyayo wa mtoto aliyelikanyaga likiwa bado bichi. Fundi alitaka kulitupa, mama mmoja akamkatalia, akisema maji ya tofali lile ameyabeba yeye. Naona mmepanga kuupiga ukuta huo lipu. Upigeni, lakini tofali hilo liacheni wazi.

Mgeni rasmi mwalikeni, ni heshima ya kijiji, ila viti vya mbele wakalie wazee waliojenga, ambao sasa wamebaki wachache na wengine itabidi wafuatwe nyumbani kwa bodaboda. Michango nayo isisomwe kwenye kipaza sauti kwa kufuata ukubwa. Nilihudhuria sherehe ya shule moja ambako mshereheshaji alianza na waliotoa mamilioni, na alipofikia debe la mahindi la bibi mmoja, watu wakacheka. Bibi yule aliondoka kabla wali haujapakuliwa, na wajukuu zake wakamfuata.

Badala ya orodha hiyo, nawaomba msome majina ya wanafunzi wa kwanza, waliojaa katika darasa moja wakiwa na umri wa miaka saba hadi kumi na mitatu, wengi wakiketi juu ya magogo. Daftari lao la uandikishaji limo katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, rafu ya chini, limefunikwa na ramani ya Afrika. Mchwa wamekwisha kuzigusa kurasa za mwanzo, kwa hiyo lipigwe picha wiki hii, kabla hamjalipia turubai hata moja.

Mwalimu wenu mstaafu