Shilingi 25,000 hazimtunzi mzee asiyeinuka kitandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie pesa ya wazee, zile shilingi 25,000 kwa mwezi zinazotolewa na serikali yetu ya Uganda, ambazo wengi wanazijua kwa jina la SAGE. Sisemi ifutwe, wala sisemi haina maana. Baba yangu anaipokea na tunashukuru. Ninachotaka wakubwa waelewe ni kwamba mpango huu ulimfikiria mzee anayeweza kufika ofisi ya gombolola, akapokea pesa yake, akanunua sabuni, sukari na chumvi, akarudi kwake. Mzee ambaye hawezi hata kugeuka kitandani bila mtu wa kumgeuza, huyo hakufikiriwa.

Baba ana miaka 84. Alikuwa mfanyakazi wa genge la kutengeneza njia ya reli hapa Tororo tangu enzi za East African Railways, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea kwenye reli ya Uganda mpaka alipopunguzwa kazini miaka ya tisini. Ndiyo sababu nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili mpaka leo, maana tulizaliwa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Kiinua mgongo chake kilisomesha wadogo zangu, kikajenga nyumba tunamoishi, kikaisha. Kisha akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza.

Mimi nauza mukene, yaani dagaa, sokoni. Nisipokwenda sokoni hakuna chakula, na nikienda Baba hawezi kubaki peke yake. Kwa hiyo tumemwajiri mama mmoja mjane, jirani yetu, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi na chakula cha mchana. Anastahili zaidi ya hapo, najua. Kila baada ya saa mbili anamgeuza: mkono mmoja chini ya bega, wa pili chini ya paja, shuka iliyokunjwa imetangulizwa chini ya kiuno ili asimburute ngozi. Akishamgeuza anakagua visigino, makalio na mgongo, anapapasa kama kuna mahali pamekuwa pa moto au pamebadilika rangi, ndipo anampaka mafuta. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyetufundisha, akatuonya kwamba kidonda cha mgongo kikishafunguka kwa mtu wa umri ule, kukifunga ni kazi ya miezi na kinaweza kumuua. Baba hajapata kidonda hata kimoja. Hiyo ni kazi ya yule mama, na ni kazi ya kitaalamu hata kama hana cheti.

Sasa tuweke hesabu mezani. Pampasi za watu wazima, pakiti ya kumi, duka la dawa hapa mjini linaniuzia shilingi 28,000. Maana yake pesa ya Baba ya mwezi mzima hainunui hata pakiti moja. Tunamvalisha ya usiku tu, mchana tunatumia vitambaa na karatasi ya nailoni, tunafua, tunaanika. Bado dawa za presha ambazo kituoni mara zipo mara hazipo, bado sabuni, bado uji wa wimbi na maziwa kwa sababu kutafuna kunamshinda. Na hizo 25,000 haziji kila mwezi. Zinakuja kwa mkupuo wa miezi mitatu, na mara nyingine zinachelewa. Kiwango hicho hakijapandishwa kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali bei ya sabuni haijamsubiri mtu.

Kuzipokea nako ni shughuli. Tulimfunga Baba kwenye bodaboda kwa leso, mdogo wangu akakaa nyuma kumshikilia, tukafika, tukapanga foleni. Mashine ikakataa alama za vidole vyake. Vidole vilivyoshika koleo na kokoto za reli miaka yote hiyo vimelainika kabisa. Tukaambiwa turudi siku nyingine. Baba alilia, Mhariri, na si mtu wa kulia.

Najua jibu tutakalopewa: kumtunza mzee ni kazi ya watoto wake. Ni kweli, na tunaifanya. Ila angalieni inatoka wapi. Ndugu yangu ni mlinzi Kampala na ana akiba NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamruhusu aliyefikisha miaka 45 na kuweka akiba miaka kumi kutoa asilimia 20. Aliniambia anataka kuitoa yote imtunze Baba. Nilimkatalia. Akila akiba yake leo, yeye akipooza atatunzwa na nini? Watoto wake nao watatoa yao, na hivyo hivyo tutakuwa familia inayozeeka mikono mitupu, kizazi kwa kizazi.

Wengine wanashauri nyumba za wazee. Ile ya Nalukolongo, Kampala, aliyoianzisha Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na ambayo Papa Francis aliitembelea Novemba 2015, ni kazi ya Mungu kweli, na masista wa pale wabarikiwe. Lakini ile ilianzishwa kwa ajili ya maskini waliotelekezwa, wasio na mtu. Siwezi kumtangaza Baba hana mtu wakati sisi watoto wake tupo. Nyumba moja ya kulipia niliyoipigia simu ilinitajia milioni moja na nusu kwa mwezi, dawa mbali. Mukene gani huo nitauza?

Sisi wa huku tunaona pia ya jirani. Shangazi yangu, mdogo wake Baba, ameolewa ng'ambo ya Malaba. Kenya wanampa mzee wa miaka 70 shilingi zao 2,000 kila mwezi, ambazo zetu ni zaidi ya 50,000. Zanzibar nayo inawalipa wazee wake wote kuanzia miaka 70 tangu mwaka 2016. Kwetu mpango ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2020, umri ukawekwa 80. Wangapi wanafika huko? Na Katiba yetu ya 1995, kwenye malengo ya taifa, inasema wazi kwamba dola itashughulikia ustawi na matunzo ya wazee. Matunzo, si chumvi.

Ombi langu si kubwa. Hizo 25,000 zibaki kama zilivyo kwa wote, halafu iwekwe posho ya matunzo kwa wale wasioinuka kitandani tu. Kuwajua si kazi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anawajua kwa majina, mhudumu wa afya wa kijiji anapita milangoni mwao, na tabibu wa kituo cha afya anaweza kuthibitisha kwa karatasi moja. Posho hiyo itumwe kwa simu ya yule anayemtunza, ili mzee aliyepooza asifungwe tena kwenye bodaboda. Wanawake wa vijijini wanaofanya kazi hii kwa malipo ya shukrani nao watapata mshahara.

Tangu mwaka 2021 wazee wana wabunge wao watano. Nawaomba kwa heshima: bajeti ijayo ikifika mezani, ulizeni mzee aliyelala ametengewa kiasi gani. Kwetu sisi hata nusu ya mshahara wa yule mama ingetosha kuanzia.

Muuza mukene,
Tororo