Jumamosi hii tunapunguza mwendo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakutana Jumamosi saa 2 asubuhi mpaka saa 6 mchana, palepale uani kwa Mama Mlezi, chini ya mwembe. Safari hii hakuna mahubiri, hakuna kipaza sauti. Simu zitakaa kwenye kikapu mlangoni. Mwenye mgonjwa nyumbani aniambie mapema, tutapanga.

Tutasoma 1 Wafalme 19:1-8, taratibu, mara tatu, tukinyamaza katikati. Eliya amechoka hadi anaomba kufa. Malaika hamkemei wala hampi kazi mpya: anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, ndipo anamwamsha ale mara ya pili kwa kuwa safari ni ndefu. Mimi kifungu hiki kimenishika. Kwa miezi mingi nimekuwa nikisali ndani ya daladala, jicho moja kwenye saa, nikifika kazini sikumbuki hata nilichomwomba Mungu. Najua siko peke yangu. Wengi wenu mmeniambia hivyohivyo.

Kwa hiyo tangu leo naomba tujaribu jambo moja dogo: ukiamka, usishike simu kabla hujakaa kimya dakika 10 mbele za Bwana. Ukisinzia, sinzia. Eliya naye alilala.

Njoo na Biblia ya karatasi na kanga au mkeka wa kukalia. Chai na mihogo ya kuchemsha vipo. Watoto waje, dada wa Shule ya Jumapili atakaa nao.